Mkoba wa Bajeti na Karo Iliyofutwa Mara Tatu

Kenya ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1973, Rais Jomo Kenyatta aliwapa wazazi zawadi ambayo wizara zake hazikuwa zimejiandaa kuitoa. Alitangaza kwamba kuanzia Januari, watoto wa darasa la kwanza hadi la nne hawatatozwa karo. Wiki chache baadaye shule zikafunguliwa. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa milioni 1.8 mwaka uliokwisha, wakawa karibu milioni 2.8. Watoto wa darasa la kwanza walikadiriwa kuwa 400,000 hivi. Waliofika walizidi maradufu ya hesabu hiyo. Wengi hawakuwa wadogo. Walikuwa wamekaa nyumbani miaka wakichunga ng'ombe na kulea wadogo zao, wakingoja siku ambayo baba angepata ada.

Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza Julai mosi na kwisha Juni 30. Tangazo la Desemba lilidondoka katikati ya bajeti iliyokwisha kusomwa, ambayo haikuwa imewahesabu watoto hao milioni moja. Isitoshe, wiki zile zile bei ya mafuta duniani ilikuwa inapanda karibu mara nne baada ya vita vya Mashariki ya Kati. Mtu aliyebeba mkoba wa bajeti mwaka ule, na aliyetakiwa kutafuta hela za walimu, madawati na chaki, alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha mwenye umri wa miaka 42.

Mwaka 2002 Kibaki huyo huyo, sasa mzee wa miaka 71 na mgombea urais wa muungano wa NARC, aliwaahidi Wakenya elimu ya msingi bila malipo. Hadithi ya ushindi wake husimuliwa mara nyingi kana kwamba ahadi hiyo ilizuka siku ile kutokana na hamu ya mabadiliko. Lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa karo kufutwa nchini, na mara mbili za kwanza Kibaki ndiye aliyekuwa na funguo za Hazina. Ni wagombea wachache sana wanaoahidi kitu ambacho wao wenyewe walishawahi kukilipia, na wakaona jinsi kilivyowashinda.

Alizaliwa mwaka 1931 huko Othaya, Nyeri. Akasoma uchumi Makerere, akapata shahada ya daraja la kwanza mwaka 1955, kisha akaenda London School of Economics kusomea fedha za umma. Alirudi Makerere kufundisha, na mwaka 1960 akaacha kazi ya uhadhiri ili awe afisa mtendaji wa chama kipya cha KANU. Mwaka 1963 aliingia Bungeni kupitia Nairobi na kuanzia ngazi za chini za Hazina. Pamoja na Tom Mboya alishiriki kuandaa ule waraka wa serikali wa mwaka 1965, Sessional Paper Na. 10, uliojiita wa ujamaa wa Kiafrika ilhali ndani yake ulikuwa unafungulia milango mtaji binafsi. Mwaka 1969 akawa waziri wa fedha, na hakutoka hapo mpaka 1982. Hakuna Mkenya mwingine aliyesoma bajeti nyingi kama yeye.

Siku ya bajeti yenyewe ilikuwa desturi kamili. Ilikuwa alasiri ya Juni, waziri akiinua mkoba mbele ya wapiga picha kabla ya kuingia Bungeni, na redio zikifunguliwa kila mahali. Wananchi walio wengi hawakujali nakisi wala malipo ya nje. Walisubiri bia, sigara, sukari na petroli. Wenye maduka waliokuwa wajanja walificha bidhaa siku mbili tatu kabla. Sauti ya Kibaki, yenye kuvuta maneno na kucheka mahali ambapo hapakuwa na la kuchekesha, ilizoeleka kwa kizazi kizima kama sauti ya mtu anayepandisha bei ya chupa.

Kazi yake ya miaka ile ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko inavyokumbukwa. Kodi ya mapato ilikuwa bado inakusanywa na idara ya pamoja ya Afrika Mashariki, na Kenya ilipata sheria yake yenyewe ya kodi hiyo mwaka 1973, ikaanza kutumika Januari 1974. Mwaka 1973 ndipo ilipoanzishwa pia kodi ya mauzo, ambayo mwaka 1990 ilikuja kurithiwa na kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Kwa maneno mengine, dola ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza kukusanya ushuru kwa mikono yake mwenyewe wakati Rais alipofuta karo.

Basi hela za watoto wale milioni moja zilitoka wapi? Nyingi hazikutoka Hazina. Shule zilipokosa madarasa, kamati za shule zilianzisha ada ya ujenzi, na mahali pengine ada hiyo iliizidi karo iliyofutwa. Walimu wengi walioajiriwa hawakuwa wamesomea ualimu. Kabla ya miaka mingi kupita, sehemu kubwa ya watoto waliofurika Januari 1974 walikuwa wamerudi nyumbani. Katika vitabu vya serikali, elimu ilikuwa bure. Nakisi yake ilikuwa imehamishiwa mfukoni mwa mzazi, mahali ambapo mkaguzi wa hesabu hafiki.

Hapa ndipo harambee inapostahili kutajwa, maana ndiyo iliyokuwa bajeti ya pili ya Kenya. Shule za sekondari za harambee, zahanati, mabwawa ya kuogeshea mifugo, hata vyuo, vilijengwa kwa michango ya vijiji. Ilianza kama fahari ya kujitegemea, na kwa kiasi kikubwa ilibaki hivyo. Lakini ilikuja kugeuka jukwaa. Mwanasiasa alifika na bahasha, jina lake likasomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi alichotoa, umati ukapiga makofi, na asiulizwe mtu mwenye mshahara wa ubunge kapata wapi maelfu yale. Chifu naye aliweza kumnyang'anya kuku mama asiye na mchango. Hiyo pia ilikuwa kodi, isipokuwa haikuwa na risiti. Waziri wa fedha alifaidika nayo kimya kimya, kwa kuwa kila darasa lililojengwa na kijiji lilikuwa darasa ambalo Hazina haikulijenga, japo mishahara ya walimu wake ilikuja kudaiwa baadaye.

Mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa nchini Brazili, na bei ya kahawa ikaruka hadi kilele cha mwaka 1977. Hii ndiyo sehemu ya rekodi ya Kibaki ambayo washabiki wake huipenda na wachumi huitilia shaka. Serikali haikuwakamua wakulima. Tofauti na nchi jirani, iliwaachia sehemu kubwa ya bei ya dunia. Nyumba za mabati zikachipuka Nyeri, Kiambu na Meru. Mpakani na Uganda, huko Chepkube, kahawa ya magendo ilivushwa kwa punda na kwa vichwa vya watu, ikauzwa kama ya Kenya, na kuna waliotajirika kwa msimu mmoja. Hazina haikukosa chake: watu wenye pesa hununua vitu, na vitu vina ushuru. Mapato ya serikali yakapanda.

Matumizi yakapanda nayo. Tatizo ni kwamba bei ya kahawa iliposhuka, matumizi hayakushuka. Mradi ukishaanzishwa una mkandarasi, mkandarasi ana rafiki, na mfanyakazi akishaajiriwa ana watoto. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na Kenya ikalazimika kuanzisha mashirika yake yenyewe ya ndege, reli na bandari. Halafu ikaja ghasia ya pili ya mafuta mwaka 1979, na ukame. Mwaka 1980 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia wenye masharti ya kurekebisha uchumi, na mwaka 1981 shilingi ikashushwa thamani. Haya yote yalitokea Kibaki akiwa kitini. Mtu aliyesifiwa mwaka 2002 kama mlinzi makini wa fedha za umma ndiye aliyekuwa waziri wakati nchi ilipoanza safari ndefu ya kupiga hodi Washington.

Kumlaumu yeye peke yake si haki. Rais Daniel arap Moi, alipoingia Ikulu mwaka 1978 baada ya Kenyatta, alihitaji kupendwa haraka. Mwaka uliofuata akafuta ada zilizobaki katika shule za msingi, na akaanzisha maziwa ya bure, yale ya Nyayo, yaliyokuja katika paketi za pembe tatu ambazo Wakenya waliozaliwa miaka ya sabini wanaweza kukueleza ladha yake mpaka leo. Wanafunzi, waliokuwa karibu milioni 3 mwaka 1978, wakafika milioni 3.7 mwaka 1979. Kibaki alikuwa sasa makamu wa rais na waziri wa fedha kwa pamoja. Kama alinong'ona kwamba kahawa imeshuka na maziwa hayana mlipaji, alinong'ona mahali ambapo waandishi hawakuwapo. Hakujiuzulu. Katika siasa za Kenya ya wakati ule, waziri hakumwambia Rais kwamba hela hazipo. Alitafuta namna ya kuandika kwamba zipo.

Mwaka 1982 Kibaki aliondolewa Hazina na kupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka huo huo kamati ya matumizi ya serikali iliyoongozwa na Philip Ndegwa ikatoa ripoti ya kuumiza: serikali imejiingiza katika biashara nyingi mno, mashirika ya umma yanakula kuliko yanavyozalisha, miradi inaanzishwa isiyoweza kukamilika. Ni usomaji mzuri kwa yeyote anayedhani matatizo hayo yalianza baadaye. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini lugha ilikuwa imebadilika kabisa. Wazazi walianza kuambiwa habari ya kuchangia gharama: vitabu, majengo, madaftari, mitihani, dawa hospitalini. Elimu ya bure ilikufa bila kutangaziwa kifo, na Kibaki wakati huo alikuwa ameshushwa hadi Wizara ya Afya, nako wagonjwa wakianza kulipa.

Alipoiacha KANU Desemba 1991, wiki chache baada ya kuwaambia watu kwamba kuing'oa KANU ni sawa na kukata mti wa mugumo kwa wembe, wengi walicheka. Aliunda chama cha Democratic Party. Kwenye uchaguzi wa Desemba 1992 akawa wa tatu.

Uchaguzi huo unahitaji kukaliwa kidogo, kwa sababu ulimfundisha kila mgombea wa baadaye gharama ya kampeni. Pesa zilimwagika kwa namna ambayo Kenya haikuwa imewahi kuona. Noti ya shilingi 500 ilipachikwa jina la Jirongo, kwa jina la kiongozi wa kundi la vijana la YK'92 lililompigia debe Moi. Wakati huo huo, kupitia kashfa ya Goldenberg, Hazina na Benki Kuu zilikuwa zinalipa fidia ya mabilioni kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo kwa kiasi hicho. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Safari hii nakisi ilihamia kwenye unga na mafuta ya kupikia. Mama wa Kisumu au Kitui aliyekuwa hajapata hata noti moja ya kampeni aliilipia kila alipokwenda dukani.

Mwaka 1997 mbinu ilikuwa nyingine. Walimu waligoma miezi michache kabla ya kura, na serikali ikawaahidi nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, kwa awamu za miaka mitano. Moi akashinda, Kibaki akawa wa pili. Mwaka uliofuata serikali ikasema haina uwezo wa kuendelea na awamu zilizobaki, walimu wakagoma tena, na uajiri wa walimu wapya ukasitishwa. Waziri wa fedha wa wakati huo, Simeon Nyachae, alifanya jambo lisilo la kawaida: alisema hadharani kwamba serikali imefilisika na akataja madeni yake. Alidumu Hazina mwaka mmoja hivi. Shirika la Fedha Duniani, IMF, lilikuwa limeshafunga mfereji wa mikopo tangu Julai 1997 kwa sababu ya ufisadi.

Kwa hiyo mwaka 2002 wapiga kura waliletewa karatasi isiyo ya kawaida. Kati ya wagombea watatu wakuu, wawili, Kibaki na Nyachae, walikuwa mawaziri wa fedha wa zamani. Wa tatu, Uhuru Kenyatta wa KANU, alikuwa na rekodi fupi na angekuja kushika wizara hiyo hiyo miaka saba baadaye. Uchumi ulikuwa umekwama. Ukuaji wa mwaka huo haukufika hata asilimia 1. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa karibu milioni 6, katika nchi ambayo ingeweza kuwa na zaidi ya milioni 7 darasani.

Ahadi za NARC zilikuwa nzito: karo ifutwe, nafasi za kazi 500,000 kila mwaka, katiba mpya ndani ya siku mia moja, na ufisadi usivumiliwe hata kidogo. Kila ahadi ilikuwa na bei isipokuwa hiyo ya mwisho, ambayo ilitarajiwa kuzilipia zile nyingine. Swali la fedha zitatoka wapi lilipoulizwa, jibu la muungano lilikuwa kwamba fedha zipo, zinaibwa tu. Ni jibu tamu jukwaani. Kibaki alijua ni nusu ya kweli. Mtu aliyesoma bajeti zaidi ya kumi anajua kwamba mwizi akikamatwa leo, mshahara wa mwalimu bado unadaiwa tarehe 30.

Yeye mwenyewe hakuzunguka sana. Tarehe 3 Desemba alipata ajali ya gari karibu na Machakos, akapelekwa London kutibiwa, na Raila Odinga na wenzake wa NARC wakaendesha kampeni bila yeye. Alishinda kwa asilimia 62. Aliapishwa Uhuru Park Desemba 30 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta.

Siku chache baadaye, Januari 2003, milango ya shule ikafunguliwa kama mwaka 1974. Bajeti iliyokuwa inatumika ilikuwa ya KANU, iliyosomwa Juni 2002, na haikuwa na fungu la jambo hili. Historia ilikuwa inajirudia mpaka kwenye kalenda. Wanafunzi wakapanda kutoka milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2. Kulikuwa na madarasa ya watoto mia moja, na mengine chini ya miti. Waziri wa elimu aliyekabidhiwa fujo hiyo alikuwa George Saitoti, profesa wa hisabati, naye pia waziri wa fedha wa zamani.

Tofauti na 1974 ilikuwa ndogo na ya kiofisi, na kwa sababu hiyo haikuimbwa na mtu. Serikali ilitaja kiasi: shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 650 ziliingia katika akaunti ya vitabu na vifaa, iliyoitwa SIMBA, na 370 katika akaunti ya matumizi mengine. Fedha zilitumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya shule, na kiasi kilichopokelewa kikatakiwa kubandikwa ukutani ili wazazi waone. Kamati ya shule haikuruhusiwa kubuni ada ya ujenzi bila idhini. Yaani mlango uliotumiwa mwaka 1974 kumrudishia mzazi nakisi ulikuwa umewekewa komeo. Ni vigumu kutoona humo mkono wa mtu aliyewahi kutazama jambo lile lile likiporomoka. Mwaka mmoja baadaye Kimani Maruge, mkulima wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, na picha yake akiwa amevaa kaptula na soksi ndefu ikazunguka dunia.

Komeo halikuziba kila ufa. Walimu wapya hawakuajiriwa kwa kadiri ya watoto, kwa sababu bili ya mishahara ilikuwa imeshajaa ile ahadi ya 1997, ambayo serikali ya Kibaki ilikubali kuimalizia kwa awamu. Hivyo NARC ikawa inalipa ahadi mbili za uchaguzi kwa wakati mmoja, yake na ya wapinzani wake. Wazazi wenye uwezo, walipoona darasa limejaa hadi mlangoni, waliwahamishia watoto kwenye akademia za binafsi. Na mwishoni mwa muongo, ukaguzi ulipoonyesha kwamba mamilioni ya fedha za elimu yamepotea wizarani, Uingereza na Marekani zikasimamisha michango yao.

Mwaka 2003 ikapitishwa sheria iliyowazuia maafisa wa umma kuendesha harambee kwa mamlaka ya vyeo vyao. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya mfuko wa maeneo bunge, CDF, iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Bahasha ya mwanasiasa ikawa kifungu cha bajeti. Wabunge walipoteza jukwaa moja wakapata jingine lenye hela zaidi, na vijiji vikapata madarasa yenye maandishi ya CDF na jina la mheshimiwa ukutani.

Rekodi ya kweli ya Kibaki kama rais, hata hivyo, iko upande wa mapato. Wagombea huahidi kutumia. Hakuna anayepanda jukwaani kuahidi kukusanya. Mamlaka ya kukusanya kodi, KRA, ilikuwepo tangu 1995, lakini ni baada ya 2003 ndipo ilipoanza kutisha. Forodha ikaingizwa kwenye kompyuta. Wenye maduka wakalazimishwa kununua mashine za ETR za kutoa risiti, wakanung'unika na kuandamana, kisha wakazinunua. Kaulimbiu ilikuwa "Tulipe ushuru, tujitegemee". Makusanyo, yaliyokuwa shilingi bilioni 200 hivi katika mwaka wa fedha wa 2002/03, yakafika bilioni 800 mwaka 2012/13. Sehemu ya ongezeko hilo ni bei kupanda tu, lakini baada ya kuiondoa hiyo bado kinabaki kitu kikubwa. Upande wa mikopo, riba ya hati za serikali za siku 91 ilishuka mwaka 2003 hadi chini ya asilimia 1. Benki zilizozoea kumkopesha Waziri na kulala usingizi zikajikuta hazina faida, zikatuma vijana wenye tai wakatafute walimu na manesi wa kuwakopesha. Uchumi ukafika ukuaji wa karibu asilimia 7 mwaka 2007.

Ile nusu ya pili ya ahadi, ufisadi, hakuiweza. Bunge jipya lilijiongezea mishahara na posho za magari miezi ya kwanza kabisa, na Rais hakulizuia. Mwaka 2004 ikafichuka Anglo Leasing: mikataba 18 ya pasipoti, vifaa vya polisi na mawasiliano, mingine ikiwa imeanza enzi za KANU, iliyotolewa kwa kampuni ambazo anwani zake zilikuwa ngumu kupatikana. John Githongo, katibu aliyeteuliwa na Kibaki kupambana na ufisadi, alijiuzulu akiwa nje ya nchi mwaka 2005. Waziri wa fedha David Mwiraria aliachia kiti Februari 2006 huku akikana kosa. Na baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa 2007, amani ilinunuliwa kwa baraza lenye mawaziri zaidi ya 40, kila mmoja na gari, dereva na walinzi. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, sasa waziri wa fedha, alitangaza kwamba magari ya serikali yasizidi ukubwa wa injini wa cc 1800, serikali ikanunua Volkswagen Passat, na baadhi ya mawaziri wakasuasua kurudisha Mercedes zao.

Alipoondoka Ikulu Aprili 2013, deni la taifa, lililokuwa zaidi ya shilingi bilioni 600 alipoingia, lilikaribia trilioni 1.9. Uchumi nao ulikuwa umekua, kwa hiyo uzito wa deni ukilinganishwa na pato la taifa ulikuwa umepungua. Barabara kuu ya Thika ilikuwa imekamilika. Kwa kipimo cha marais wa Kenya hayo ni mahesabu safi, na yanaeleza kwa nini jina lake bado hutajwa kila mara bei zinapopanda, hata na vijana ambao hawakuwahi kumpigia kura.

Anglo Leasing haikuondoka naye. Mei 2014 serikali ya mrithi wake, Uhuru Kenyatta, ililipa karibu shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili za mikataba ile, baada ya kushindwa mahakamani Ulaya, kwa hoja kwamba deni hilo lisipolipwa Kenya haitaweza kukopa katika masoko ya kimataifa. Mwezi uliofuata nchi ikauza hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa, dola bilioni 2. Sehemu kubwa ya hizo ilipaswa kulipwa Juni 2024, na nyingi ya sehemu hiyo ikalipwa Februari mwaka huo kwa hatifungani mpya, yenye riba ya asilimia 9.75.